Uso wa Geji na Historia Yake

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzitazame zile geji zilizopangwa kwenye dashibodi ya gari kuukuu: ya mwendo, ya mafuta, ya joto na ya oili. Mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, ambaye geji zake zimeliwa na kutu kwa sababu ya upepo wa chumvi, hudhani anakwenda kununua spea tu. La hasha! Kila geji imebeba vipimo vya watu walioitengeneza, na asiyevijua atauziwa kitu cha kumdanganya njiani.

Mafia imebadilishiwa vipimo mara kadhaa. Wazee walipima mbata kwa frasila. Mwaka 1890 kisiwa kikaingia mikononi mwa Wajerumani, watu wa kilometa na kilo. Januari 1915, vita kuu ya kwanza ikipamba moto, Waingereza wakakiteka, zikaja maili, ratili na galoni. Ndiyo maana magari ya Kiingereza, kama Land Rover iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, yalihesabu mwendo kwa maili.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania, Kenya na Uganda ziliacha maili na kushika kilometa. Vibao vya barabarani vikabadilishwa, lakini geji zilizokuwa ndani ya magari zilibaki vilevile. Dereva wa gari la maili akiona kibao cha 50, naye akapeleka mshale kwenye 50, kwa hakika anakimbia kilometa 80 kwa saa, tena katikati ya makazi ya watu.

Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mlango ulianza kufunguka, na hatimaye magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa nchini. Geji zake za mwendo nyingi huishia 180. Ile ya joto haina tarakimu kabda ya herufi C na H, yaani baridi na moto.

Sasa fundi afanye nini? Kwanza, ajue kwamba geji ina mwenziwe. Geji ya mafuta husoma boya lililomo tangini. Boya la Kimarekani la kawaida hutoa omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. La VDO ya Ujerumani hutoa 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Ukioanisha geji ya VDO na boya la Mmarekani, mshale hukwambia tangi limejaa wakati halina hata tone.

Geji ya mwendo nayo ina siri yake. Zile za Smiths za Uingereza zina tarakimu ndogo usoni, inayoonyesha waya uzunguke mara ngapi ili ihesabiwe maili moja. Tuseme gari lako linataka 1,500 nawe umefunga ya 1,000: maili 10 zitahesabiwa 15. Ukisafisha kioo tu na kuipaka rangi, bado itasema uongo.

Kwa mtu wa Temeke kosa hilo ni dogo, maana atarudi dukani Gerezani siku hiyohiyo. Kwa mtu wa Mafia kuna bahari katikati. Basi aibebe geji ya zamani mkononi, aandike tarakimu za usoni mwake, anunue geji pamoja na boya lake au na kile kipokea joto cha kwenye injini. Mwenye fedha ya moja tu aanze na ya joto. Gari likichemka kati ya Bweni na Kilindoni, nalo limempakia mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya wilaya, kioo kinachong'aa hakitamfikisha.

Ndugu wasikilizaji, gari lisilo na geji humfanya dereva awe na hadhari; atafungua boneti, atachovya kijiti tangini. Lenye geji mwongo humlaza usingizi. Frasila, ratili na kilo zote zilikuwa vipimo vya haki ilimradi muuzaji na mnunuzi walitumia mizani moja. Na geji ni hivyohivyo. Hadi wiki ijayo, kwaherini.