Lango la Kasarani na Zamu Baada ya Mkutano

Mwezi Januari mwaka 2007 jiji la Nairobi lilipokea wapigania haki kutoka pembe zote za dunia. Jukwaa la Kijamii la Dunia, lililoanzishwa Porto Alegre nchini Brazil mwaka 2001 kuwa jibu la wanyonge kwa mkutano wa matajiri wa Davos, lilikuwa likikutana lote kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Tarehe 20 Januari wajumbe waliandamana kutoka mtaa wa mabanda wa Kibera hadi Bustani ya Uhuru. Kisha kazi ikahamia uwanja wa michezo wa Kasarani, na hapo ukatokea mkasa ambao una fundisho kwa kila anayeitisha mkutano wa kimataifa kwa jina la umma.

Lango la Kasarani lilikuwa na kiingilio. Mwananchi wa Kenya alitakiwa kulipa shilingi 500. Ni kweli kwamba mgeni kutoka nchi tajiri alitozwa zaidi, lakini kwa kibarua wa Kibera au Korogocho fedha hiyo ilizidi ujira wa siku nzima. Ndani ya uwanja chakula kiliuzwa kwa bei ya hotelini, na kampuni kubwa ya simu ilikuwa miongoni mwa wadhamini wa mkutano uliokusudiwa kupinga nguvu za makampuni makubwa. Nje ya lango walibaki wale wale waliokuwa wakitajwa katika kila hotuba.

Wananchi hao hawakunyamaza. Baadhi yao waliitisha mkutano wao wenyewe katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, pasipo kiingilio. Wengine walikwenda Kasarani wakaandamana mpaka wakaruhusiwa kuingia bila malipo. Watoto wenye njaa waliingia katika hema la hoteli ya kifahari wakala chakula kilichokuwamo. Mkutano uliojitangaza kuwa sauti ya maskini ukawa umejikuta ukihitaji ulinzi dhidi ya maskini.

Kosa hilo halikuzaliwa Nairobi. Historia ya mikutano ya ukombozi wa Afrika inaonyesha kwamba mambo matatu ndiyo huamua thamani ya mkutano: nani anaugharimia, nani anapita langoni, na nani anabaki na kazi wajumbe wanapokwisha kutawanyika.

Kongamano la Tano la Umoja wa Waafrika, lililofanyika Manchester nchini Uingereza mwezi Oktoba 1945, halikuwa na fahari. Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa na migahawa katika mji huo, alisaidia kwa fedha yake. Wajumbe wa vyama vya wafanyakazi walikaa pamoja na wasomi. Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta, ambao walikuwa miongoni mwa waandalizi, walirudi makwao katika miaka iliyofuata wakiwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo waliifanya.

Hali ilikuwa hivyo pia Mwanza, mwezi Septemba 1958, vyama vya kupigania uhuru vya Afrika ya Mashariki na ya Kati vilipounda umoja wa PAFMECA. Waliokutana walikuwa viongozi wa vyama vyenye wanachama vijijini na mijini. Azimio lililopitishwa lilikuwa na watu wa kulibeba. Umoja huo ulijaribu hata kuvipatanisha vyama vya ASP na ZNP vya Zanzibar, na uliendelea kufanya kazi mpaka mwaka 1963, ulipoanzishwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao Kamati yake ya Ukombozi ilifanya makao Dar es Salaam.

Mwaka 1974 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Sita, la kwanza kufanyika Afrika. Lilikutana kuanzia tarehe 19 hadi 27 Juni katika Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu. Safari hii walioshika nafasi ya mbele walikuwa wajumbe wa serikali. Serikali za visiwa vya Karibi na Guyana hazikutaka vikundi vilivyozipinga viketi ukumbini, na vikundi hivyo vikazuiwa. C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad aliyekuwa miongoni mwa walioasisi wazo la kongamano hilo, alisusia. Hapa lango halikufungwa kwa fedha. Lilifungwa kwa heshima ya serikali kwa serikali, lakini aliyebaki nje alibaki nje vile vile.

Waliotayarisha Kongamano la Saba mjini Kampala, mwezi Aprili 1994, walikusudia kuepuka kosa hilo. Serikali na vikundi vya wananchi vilialikwa pamoja, na wanawake walipewa nafasi ya kukutana kwanza peke yao. Lango lilikuwa wazi. Lakini tarehe 6 Aprili, mkutano ukiendelea, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya halaiki yakaanza katika nchi iliyo jirani kabisa na Uganda. Umoja wa Waafrika ulikuwa ukijadiliwa upande mmoja wa mpaka huku Waafrika wakichinjwa upande wa pili, na kongamano halikuwa na chombo chochote cha kuyazuia. Mkutano wa raia hauwezi kulaumiwa kwa kukosa jeshi. Hata hivyo, tukio hilo ni kipimo kikali cha umbali uliopo kati ya tamko na uwezo.

Jukwaa la Kijamii la Dunia limeufanya umbali huo kuwa kanuni. Mkataba wake wa mwaka 2001 unazuia wawakilishi wa vyama vya siasa na vikosi vya kijeshi kushiriki, na hauruhusu yeyote kutoa uamuzi kwa jina la Jukwaa lote. Wanaoutetea husema kwamba uhuru huo huzuia kikundi kimoja kuuteka mkutano. Wanaoupinga husema kwamba maelfu husafiri, huzungumza na kurudi bila wajibu. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Dawa si kuufanya mkutano kuwa serikali. Dawa ni kila kikundi kinachotaka jambo kulichukua kwa jina lake chenyewe, kutaja tarehe ya kulitimiza, na kutoa taarifa kabla hotuba mpya hazijaanza katika mkutano unaofuata.

Gharama nazo zipangwe kwa kumtazama maskini wa nchi mwenyeji kwanza, na mjumbe wa mbali baadaye. Ufadhili utangazwe mapema. Vikao vifanyike karibu na makazi ya watu, kwa lugha yao.

Askari wa ulinzi na polisi wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Msemaji jukwaani huwaona waliohudhuria, lakini anayelinda lango huwaona waliozuiwa. Tena askari anajua kwamba amri isiyotaja mtekelezaji haitekelezwi, na kwamba lindo lisilopangiwa mtu ni lindo tupu. Mikutano ya wapigania haki itapata nguvu siku itakapopanga zamu zake kabla ya kupanga hotuba zake.