Nyumba za Mababa: Habari za Waliorudi kutoka Babeli
Walimu wengi wasomapo kitabu cha Ezra huiruka sura ya pili. Ni majina na hesabu tu, husema, tuendelee mbele. Sura ya saba ya Nehemia, iliyo orodha ile ile kwa tofauti chache, nayo hurukwa vivyo hivyo. Sisi twaona kwamba asiyetua hapo hawezi kufahamu jinsi taifa lililovunjwa lilivyosimama tena. Kwa maana watu wale walirudi bila mfalme, bila jeshi, na mji wao hauna ukuta. Walichokuwa nacho ni nasaba zao.

Yerusalemu ulibomolewa na Nebukadreza yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Mwaka 539 Koreshi mfalme wa Uajemi aliutwaa Babeli, na mwaka uliofuata akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao. Hapo katikati ilipita karibu nusu karne, muda wa kutosha watoto kuzaliwa, kukua, na kuzaa. Basi wengi twaowaita waliorudi walikuwa wakienda katika nchi wasiyopata kuiona. Walijuaje basi kwamba ni yao?

Jinsi walivyokaa ugenini twaijua sasa kuliko walivyoijua wazee wetu. Mwaka 2014 vilichapishwa vibao vya udongo vya Babeli, vilivyoandikwa tangu mwaka 572 hata 477 kabla ya Kristo, navyo ni mikataba ya mashamba, madeni na kodi. Humo pametajwa mahali paitwapo Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda. Wahamishwa hao hawakutapanywa mmoja mmoja. Walikaa vijijini, watu wa asili moja pamoja, wakiandikwa kila mtu kwa jina lake na jina la baba yake. Nacho kitabu cha Ezekieli chatuonyesha wazee wa Yuda wameketi nyumbani mwa nabii. Hivyo desturi ya wazee na jamaa haikukatika.

Hapa lugha yenyewe yatusaidia. Kiebrania kina neno mishpaha, yaani ukoo. Bali katika vitabu vya baada ya uhamisho neno lishikalo nafasi ni beit avot, nyumba ya mababa. Nalo laweza kuwa kundi kubwa, kama wana wa Paroshi waliokuwa 2,172. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo mengi, maana sisi nasi husema mtu ni wa nyumba fulani au wa mlango fulani, wala hatukusudii miti na udongo. Hata hivyo si wote waliohesabiwa kwa baba. Wengine walihesabiwa kwa mji: watu wa Bethlehemu 123, wa Anathothi 128. Jumla yatajwa kuwa watu 42,360, mbali na watumishi 7,337. Lakini mwenye kuyajumlisha mafungu hatafika hesabu hiyo, wala kwa Ezra wala kwa Nehemia.

Walikuwako pia watu 652, waliotoka Tel-mela na miji mingine, wasioweza kuonyesha kwamba nyumba zao ni za Israeli. Hawakufukuzwa, walisafiri na wenzao. Shida ya makuhani ilikuwa kubwa zaidi. Nyumba tatu zilitafuta majina yao katika chuo cha nasaba zisiyaone: wana wa Habaya, wana wa Hakosi, na wana wa Barzilai. Huyo wa mwisho alikuwa ameoa binti wa Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la wakwe zake, na jina la baba yake likapotea. Liwali akaamuru wasile vitu vitakatifu sana hata asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Amri hiyo iligusa heshima, nayo iligusa tumbo, maana kuhani alilishwa na madhabahu.

Hekalu likamalizwa mwaka 515. Ezra alipokuja, mwaka 458 kwa hesabu ya kawaida, kipimo cha nasaba kilikazwa hata wake wa mataifa wakaachwa, na baadhi yao walikuwa wamezaa. Sisi twaisoma sura hiyo kwa uchungu. Orodha iliyowaokoa watu wasipotee Babeli sasa ilikata ndani ya nyumba zao wenyewe.

Walakini fedha ya Ezra ilipopimwa hekaluni ilikabidhiwa Meremothi mwana wa Uria, kuhani. Mwaka 445, Nehemia alipojenga ukuta, twamwona tena, naye aitwa mwana wa Uria, mwana wa Hakosi! Urimu haikutajwa kuletwa. Hata hivyo yaelekea nyumba ile ilikuwa imerudishiwa nafasi yake. Meremothi akajenga sehemu mbili, na ya pili ilianza mlangoni pa nyumba ya Eliashibu, kuhani mkuu.

Ukuta huo ulimalizwa kwa siku 52. Wengi waliwekwa kujenga mbele ya nyumba zao, na hapo Nehemia alionyesha akili, maana nani atalipua kazi mahali walalapo watoto wake? Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa walikataa kazi. Watu wao wakajenga sehemu yao, kisha wakaongeza nyingine.

Lililo gumu kuliko mawe lilikuwa deni. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka, wengine wamekopa kwa kodi ya mfalme, na binti zao wamekwisha kutiwa utumwani. Na waliowakopesha ni ndugu zao. Nehemia akakiri kwamba yeye na jamaa zake nao walikuwa wakikopesha. Akawaapisha wakopeshaji mbele ya makuhani warudishe mashamba na riba.

Mji nao ulikuwa mpana, watu wachache. Wakapiga kura, mmoja katika kumi aje kukaa Yerusalemu, na waliojitoa kwa hiari wakabarikiwa na watu. Wale tisa wakabaki mijini mwao, kila mtu katika urithi wake.