Diski kuu na programu za kompyuta ya nyumbani: uchaguzi na uboreshaji

Diski kuu, ambayo mafundi na wauzaji wengi wa Afrika Mashariki huiita hadi diski, ni kifaa kinachotunza mfumo endeshi, programu na mafaili ya mtumiaji hata umeme unapokatika, tofauti na kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambayo hupoteza vyote vilivyomo mara kompyuta inapozimwa. Kuiboresha ni kuiondoa na kuweka nyingine yenye kasi au ujazo mkubwa zaidi, au kuongeza ya pili kando ya ile ya kwanza. Na kwa kuwa kila mfumo endeshi una namna yake ya kuipanga na kuisoma diski, uamuzi kuhusu diski haufai kutengwa na uamuzi kuhusu programu. Makala hii inahusu kompyuta za mezani na mpakato, na inatilia mkazo zile zilizokwisha kutumika, ambazo familia nyingi za ukanda huu hununua na ambazo mara nyingi hufika zikiwa na prosesa nzuri lakini diski iliyochoka.

Chimbuko

Diski ya kwanza ya sumaku kuuzwa pamoja na kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, kutokana na kazi ya kikosi kilichoongozwa na Reynold Johnson mjini San Jose, California. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na mtambo mzima, ambao uzito wake ulizidi tani moja, uliweza kutunza herufi zipatazo milioni 5. Iliwachukua wahandisi hadi mwaka 1980 kuifikisha diski kwenye kompyuta ndogo, pale kampuni ya Shugart Technology, iliyokuja kuitwa Seagate, ilipotoa diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5. Na mwaka 1983 IBM iliuza kompyuta yake ya XT ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani yake. Ongezeko kubwa lililofuata lilitokana kwa kiasi fulani na ugunduzi wa mwaka 1988 wa Albert Fert na Peter Grünberg, walioonyesha kwamba tabaka nyembamba sana za metali hubadilisha kwa kiwango kikubwa ukinzani wake wa umeme zinapokuwa karibu na sumaku, jambo lililowezesha vichwa vya kusomea kutambua alama ndogo mno. Wanasayansi hao walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007, mwaka uleule ambao Hitachi ilitoa diski ya kwanza ya terabaiti 1.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa nchini Japani, ambako Fujio Masuoka wa Toshiba alibuni kumbukumbu ya flashi, inayotunza data kwa kunasa chaji za umeme ndani ya seli za silikoni badala ya kuchora alama za sumaku. Aina yake iitwayo NAND, iliyotangazwa mwaka 1987, ndiyo msingi wa diski zisizozunguka, ambazo kila duka sasa huziita SSD.

Kwa nini diski huamua kasi ya kompyuta

Diski ya kuzunguka ina sahani zinazogeuka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaopeleka kichwa cha kusomea juu ya mstari unaotakiwa. Sahani inayogeuka mara 5,400 kwa dakika hukilazimisha kichwa kungoja, kwa wastani, milisekunde 5.6 hadi sehemu inayotafutwa ipite chini yake, na mkono wenyewe huhitaji milisekunde 10 hivi kufika mahali pake, kiasi kwamba diski nzima haiwezi kuleta hata vipande mia moja vilivyotawanyika katika sekunde moja. Faili moja kubwa, kama vile filamu, husomwa bila taabu kwa sababu vipande vyake hufuatana. Lakini mfumo endeshi unapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotapakaa, na hapo ndipo mtumiaji anapokaa dakika kadhaa akitazama kioo. SSD haina mkono wala sahani, huleta kipande kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na hivyo hutimiza maelfu ya maombi kwa sekunde.

Tofauti hii ndiyo inayofanya badiliko la diski liwe na manufaa kuliko mengine yote katika kompyuta yenye umri wa miaka minane au kumi. Kompyuta inayodhaniwa imezeeka mara nyingi haina ugonjwa mwingine ila diski yake, na ni hasara kuinunulia familia mashine nyingine kabla ya sehemu hii moja kujaribiwa. Pale ambapo RAM ni gigabaiti 4 au pungufu, inafaa iongezwe hadi 8 katika safari hiyohiyo ya fundi, kwa kuwa mfumo unaokosa nafasi katika RAM huazima sehemu ya diski na kuisumbua bila kikomo.

Viungo na maumbo

Diski huunganishwa na ubao mama kwa kiungo ambacho lazima kilingane pande zote mbili. Kiungo cha SATA kilianza kutumika mwaka 2003, na kizazi chake cha tatu, cha mwaka 2009, hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi hufikia megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Kanuni ya NVMe, iliyotolewa mwaka 2011 mahsusi kwa ajili ya SSD, hupita katika njia za PCIe, na diski zinazotumia kizazi cha tatu cha njia hizo husoma hadi megabaiti 3,500 kwa sekunde. Kwa kazi za nyumbani tofauti baina ya viwango hivi viwili haina uzito ambao matangazo huupa: anayehama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ya SATA huiona siku ya kwanza, ilhali anayehama kutoka SATA kwenda NVMe huenda asiione kabisa asipokuwa mhariri wa video.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni umbo liitwalo M.2, ambalo ni kibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na, kwa kawaida, urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Umbo hilo hubeba SATA au NVMe, na tundu la M.2 katika ubao mama huenda likakubali moja tu kati ya hizo, kwa hiyo kutazama tundu pekee hakutoshi. Mwongozo wa modeli husika usomwe kabla ya fedha kutolewa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya UEFI, programu ya ndani inayoiamsha mashine, haziwezi kuwaka kutoka diski ya NVMe hata zikiongezewa kadi ya kuipokea. Kompyuta mpakato za zamani zina nafasi ya diski ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7 au 9.5, na SSD ya milimita 7 huingia katika zote mbili, ya pili ikihitaji fremu ndogo ya kujazia.

Ujazo, uimara na bidhaa za uongo

Watengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja, lakini Windows huhesabu kwa vipeo vya mbili, na ndiyo sababu diski mpya ya terabaiti 1 huonyeshwa kuwa na gigabaiti 931 bila ya chochote kuibiwa. Kwa mfumo endeshi, programu za ofisi na nyaraka za familia, gigabaiti 256 zinatosha, na 512 ni chaguo la busara pale penye picha nyingi za simu. Anayetunza maktaba ya video hufanya vyema kutumia SSD ndogo kwa ajili ya mfumo na diski kubwa ya kuzunguka kwa ajili ya akiba, kwa kuwa kila terabaiti ya diski ya kuzunguka bado ni ya bei nafuu zaidi. Achunguze hata hivyo kama diski hiyo hutumia mtindo wa mistari inayolaliana kama vigae vya paa, uitwao SMR, ambao unafaa kwa akiba lakini hupunguza mno kasi ya kuandika upya.

Seli za SSD huchakaa kwa kuandikwa. Seli ya aina ya TLC hutunza biti tatu na ya QLC biti nne, na kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo bei inavyoshuka pamoja na uvumilivu. Hofu ya uchakavu huu, hata hivyo, imevuka mpaka: diski ya terabaiti 1 ya aina ya TLC kwa kawaida hudhaminiwa kuandikwa terabaiti 600, na mtu aandikaye gigabaiti 40 kila siku, kiasi kikubwa kwa matumizi ya nyumbani, angehitaji zaidi ya miaka 40 kuzimaliza. Hatari iliyo karibu zaidi ni umeme. Kukatika kwa ghafla wakati diski inaandika huweza kuharibu mafaili au hata jedwali linaloieleza diski mahali kila kitu kilipo, na kwa hiyo kompyuta ya mezani isiyo na betri inahitaji UPS, kifaa kinachoipa dakika chache za kuzimwa kwa utaratibu. SSD haifai pia kuwekwa kabatini kwa miaka bila kuwashwa, kwa sababu chaji zilizonaswa katika seli huvuja polepole.

Hatari nyingine ni udanganyifu. Zipo diski za nje na flashi ambazo programu yake ya ndani imechezewa ili ioneshe ujazo mkubwa usiokuwepo, na mnunuzi hugundua baada ya wiki kadhaa kwamba picha alizoziongeza hazifunguki. Mtu anayenunua Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi ana haki ya kuomba diski iwashwe mbele yake, kisha nyumbani, kabla haijatumika kwa lolote, aijaze yote kwa programu za bure za H2testw au F3, ambazo huandika hadi mwisho na kusoma tena kilichoandikwa. Diski iliyotumika huchunguzwa kwa kumbukumbu zake zenyewe, ziitwazo SMART, zinazosomwa kwa CrystalDiskInfo au smartmontools: idadi ya saa ilizowaka husaidia kukisia umri, lakini sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri kuhamishwa ndizo zenye uzito, na diski ambayo hesabu hizo zinapanda haifai hata ikitolewa bure.

Programu

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inahitaji RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, UEFI, kipande cha usalama cha TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni, isipokuwa chache, ya kizazi cha nane au zaidi. Sharti hilo la mwisho limeziacha nje kompyuta nyingi za mitumba zenye uwezo mzuri. Zipo mbinu za kulikwepa, lakini zinamwachia mwenye kompyuta mfumo ambao mtengenezaji hauungi mkono. Chaguo lililo thabiti kwa mashine za namna hiyo ni mfumo endeshi wa Linux, ama Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ama Linux Mint, ambayo mtu aliyezoea Windows huielewa upesi. Zote mbili hazilipiwi na huendelea kupata masasisho ya usalama. LibreOffice hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel, na Kiswahili si mgeni katika programu huria, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Lisilokubalika ni Windows iliyovunjwa kufuli, ambayo baadhi ya mafundi huiweka bila hata kumuuliza mwenye kompyuta. Programu za kuvunja kufuli huomba kinga ya virusi izimwe, kisha hupewa mamlaka yote juu ya mashine ambayo familia huitumia kwa barua pepe na huduma za benki. Leseni halali ya Windows za karibuni hufungamana na ubao mama, si diski, na kwa hiyo kubadilisha diski pekee hakumlazimishi mtu kununua leseni nyingine.

Uhamishaji

Kabla bisibisi haijashikwa, mafaili yote yenye thamani yawe na nakala rudufu mahali pengine, na kufunguka kwake kuwe kumethibitishwa. Ikiwa diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, ufunguo wake wa kuokolea uandikwe kwanza, maana bila huo data haisomeki tena. Mfumo wenye afya unaweza kunakiliwa mzima kwa programu ya Clonezilla. Mfumo uliojaa virusi na mabaki ya programu za zamani ni heri usakinishwe upya. Diski inayozidi terabaiti 2.2 haiwezi kutumika yote kwa mpangilio wa zamani wa MBR, hivyo huhitaji ule wa GPT, na diski ya nje iliyoumbizwa kwa FAT32 hukataa faili lolote linalofikia gigabaiti 4.

Diski ya zamani ikiwa bado nzima huwekwa ndani ya kasha lenye kebo ya USB na kuwa chombo cha nakala rudufu. Ikiwa itauzwa au kutolewa, kufuta mafaili na kumwaga kikapu cha taka hakutoshi, kwa kuwa data hubaki hadi pale sehemu yake itakapoandikwa upya: diski ya kuzunguka huandikwa sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, na SSD, ambayo huficha baadhi ya seli zake zisifikiwe na mtumiaji, hufutwa kwa amri maalumu iliyowekwa na mtengenezaji wake.