Kihamba na Ugomvi wa Kahawa Uliouacha Msitu Hai

Mwaka 2025 ulitimiza karne moja tangu wakulima wa Kichagga waunde chama chao cha kwanza cha kahawa, Kilimanjaro Native Planters Association, KNPA. Habari zake husimuliwa sana kama historia ya ushirika. Kuna upande mwingine ambao haupewi nafasi: ugomvi uliokizaa chama hicho uliamua pia hatima ya miti, ndege na wadudu wa mteremko mzima wa Mlima Kilimanjaro.

Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba, kati ya mita 900 na 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu husimama miti ya mringaringa na msesewe, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na maharage. Ng'ombe hula zizini na samadi yao hurudi kwenye migomba. Maji hushuka kwa mfongo, yaani mfereji wa asili, kutoka mlimani, na mpaka wa jirani hupandwa masale, jani lile lile ambalo Mchagga hulipeleka anapokwenda kuomba msamaha. Kila mti umebaki kwa sababu una kazi. Gome la msesewe, kwa mfano, ndilo linaloipa mbege, pombe ya ndizi, uchungu wake.

Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkuu wa wilaya ya Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wapande kahawa yao wenyewe. Walowezi walichachamaa. Walidai kwamba vishamba vya Waafrika vingekuwa mazalia ya wadudu na magonjwa, na kwamba wizi wa kahawa ungeongezeka. Nyuma ya hoja hizo kulikuwa na hofu nyingine: Mchagga mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua wa mzungu. Walikuwa na mfano karibu, kwani nchini Kenya Waafrika walizuiwa kulima kahawa ya arabika.

Wachagga walijibu kwa vitendo. Mwaka 1925 waliunda KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na chama kikanunua pampu na dawa za kupambana na wadudu wale wale waliotajwa kama sababu ya kuwanyima haki. Kahawa ikabaki mikononi mwao, tena ikabaki kivulini, chini ya migomba na miti mirefu iliyokuwapo. Kama walowezi wangeshinda, ni vigumu kuamini kwamba mringaringa ungekuwa umesimama hadi leo kati ya nyumba na nyumba.

KNPA ilifuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kisha vikarudishwa miaka ya 1980.

Utajiri wa kihamba ulichelewa kuhesabiwa. Mwaka 1984 watafiti, akiwamo Jumanne Maghembe ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, waliorodhesha aina 111 za mimea katika vihamba. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alichapisha hesabu kubwa zaidi: aina zaidi ya 500, na zaidi ya 400 kati yake hazikupandwa na mtu. Katika ukanda ambao msitu wake wa asili ulikwisha kufyekwa, sehemu ya mimea ya msitu huo imepata hifadhi chini ya migomba. Hemp alionya pia kwamba bei duni ya kahawa, na aina mpya zinazostahimili jua, zinaondoa sababu ya kutunza kivuli.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Heshima hiyo ilistahili, lakini haiulindi mti wenye thamani ya mbao.

Msitu wa juu una ulinzi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikawa Urithi wa Dunia mwaka 1987, na ina askari na mapato ya watalii. Kihamba kina mwenyewe tu, mara nyingi mzee ambaye watoto wake wako Dar es Salaam au Arusha, na eneo linalozidi kugawanywa kila anapozikwa baba. Anayekataa kuuza mringaringa wake kwa wapasua mbao analinda mali ya taifa bila kulipwa hata shilingi. Jambo hilo linapaswa kuingia kwenye bajeti za halmashauri za Moshi, Hai na Rombo, kwa fungu lenye jina na kiasi.