Milimita Kumi za Chuma

Mpaka 1936, mpanda baiskeli mkubwa wa Tour de France aliyefika chini ya mlima alishuka, akalegeza nati, akageuza gurudumu la nyuma. Upande mmoja lilikuwa na sproketi ya tambarare, upande wa pili ya mlima. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano, aliona gia za kubadilisha ni za wazee na wanyonge. Ugonjwa ulipomweka pembeni, waliomrithi waliziruhusu mwaka 1937, na Roger Lapébie akashinda akiwa nazo.

Nati hizo zilikuwa na balaa lake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, kwenye mlima wa Croce d'Aune nchini Italia, Tullio Campagnolo alishindwa kuzifungua kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Hata kama simulizi limetiwa chumvi, ni yeye aliyetengeneza wenzo wa kufungua gurudumu mara moja, na mwaka 1933 akafungua karakana yake mjini Vicenza.

Kuanzia hapo sproketi zikaanza kuongezeka. Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1960 zilikuwa na tano, na fremu ilikuwa na upana wa milimita 120 pale ekseli ya nyuma inapokaa. Ukiongeza sproketi bila kuongeza upana, habu inasukumwa kushoto, spoku za kulia zinasimama karibu wima, na gurudumu linadhoofika. Basi fremu zikapanuliwa: 126 kwa sproketi sita na saba, kisha 130 kwa nane.

Mwaka 1978 Shimano wa Japani walihamishia friwili ndani ya habu, beringi ikasogea nje karibu na fremu. Ekseli zilizokuwa zikipinda kila mara zikapata nafuu. Mwaka 1984 kampuni hiyo ikatoa gia zinazolia "tik" na kukaa mahali pake, na 1990 wenzo wa kubadilishia ukaunganishwa na wa breki. Kwa maoni yangu hiki cha mwisho ndicho hasa wenye baiskeli kuukuu wanachokitamani. Kwao wenzo uko kwenye bomba la chini, na kuufikia lazima uachie usukani mkono mmoja, hata barabara ikiwa imejaa mashimo.

Lakini wenzo huo huja na gurudumu la sproketi nyingi, na gurudumu la 130 haliingii kwenye fremu ya 120. Kinachookoa mambo ni chuma. Mabomba ya Reynolds 531, yaliyoanza kuuzwa 1935 kutoka Birmingham, na mengine ya aina yake, hukubali kutanuliwa yakiwa baridi. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki 2008, aliwafundisha watu wengi kuifanya kazi hiyo kwa mbao ya mbili kwa nne. Mbao huingizwa katikati ya miguu ya nyuma, ikaegemea bomba la kiti, kisha mguu mmoja unasukumwa nje. Chuma hurudi, kwa hiyo unasukuma kupita kipimo, unaachia, unapima, unasukuma tena. Kila upande unatakiwa kuhama milimita 5 tu.

Baada ya hapo unakuja uzi wa kawaida wa kushonea. Unafungwa penye ekseli, unazungushwa kwenye bomba la mbele la usukani, unarudishwa upande wa pili. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti ukilingana kulia na kushoto, fremu imenyooka. Bado sehemu za kushikia ekseli zitanyooshwa ziwe sambamba, pamoja na sikio linalobeba kihamisha cheni. Fremu ya alumini au kaboni usiijaribu kabisa, itapasuka.

Mengine ni madogo, ingawa hukera. Rimu ya 700C ina nusu kipenyo pungufu kwa milimita 4 kuliko ile ya inchi 27, hivyo breki lazima zifike chini zaidi. Hesi za Kifaransa hazikubali vikombe vya beringi za krenki vya Kiingereza. Nao Raleigh walikuwa na hesi yao wenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24, iliyofika hata Afrika Mashariki pamoja na baiskeli zao.

Huko Gaiole in Chianti, msafara wa baiskeli wa L'Eroica ulioanza 1997 hupokea baiskeli za mbio za kabla ya 1987, wenzo wa gia ukiwa kwenye fremu. Anayetaka kushiriki huko na pia kufurahia gia mpya siku nyingine huitanua fremu yake ya 126 hadi 128 tu, kisha huibana au kuivuta kidogo kwa mkono kila anapobadilisha gurudumu.