Safu ya Lugha: Nazi hufuliwa, haimenywi
Siku hizi hapa Ramisi nasikia vijana wakisema, "Nimenyee nazi." La! Chungwa humenywa, nazi hufuliwa. Mkwezi akishaangua, mfuaji huishika nazi kwa mikono miwili, akaikita kwenye kifuo, ile ncha ya chuma au ya mti mgumu iliyosimikwa ardhini, akaipinda mpaka kumbi libanduke. Jina kifuo limetokana na kitenzi hicho hicho, kufua. Ikishafuliwa ndipo huvunjwa, kisha hukunwa kwa mbuzi. Dafu nalo hukatwa kwa panga.

Wala mkwezi si mgema. Wote hupanda mnazi, lakini mgema hufuata tembo, yaani pombe ya mnazi. Wazazi, tuwarithishe watoto maneno haya pamoja na kazi zenyewe.