Kiti cha Halmashauri: Mafunzo Kutoka Ushirika wa Nyumba

Wanachama wenzangu,

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, nimetakiwa niandike habari za kazi ya mjumbe wa halmashauri. Nimechagua historia ya ushirika wa nyumba, wala si wa mazao, kwa kuwa huko mjumbe hulala chini ya paa lile lile analolitolea uamuzi. Akikosea, mvua humnyeshea yeye pamoja na jirani zake.

Ushirika wa nyumba una asili moja na wetu. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, hawakukusudia kuuza unga na siagi tu. Katika masharti yao waliazimia pia kuwajengea wanachama nyumba. Mbegu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1927, katika mtaa wa Bronx mjini New York, chama cha wafanyakazi washona nguo, kwa juhudi za Abraham Kazan, kilianza kupokea familia katika nyumba 303 za ghorofa. Kila familia iliweka dola 500 kwa kila chumba, kisha ikatoa mchango wa kila mwezi. Mwenye vyumba vingi na mwenye vichache, kila mmoja alikuwa na kura moja.

Basi, mjumbe wa halmashauri katika ushirika wa namna hiyo hufanya nini? Husoma hesabu za kila mwezi, na asipozielewa huuliza. Humchagua meneja na kumsimamia, lakini hamnyang'anyi kazi yake. Huhakikisha kuwa deni la rehani linalipwa na kuwa akiba ya matengenezo ipo kabla paa halijavuja. Husikiliza ugomvi wa majirani bila kupendelea. Ikiwa nduguye anaomba kazi ya kupaka rangi, husema wazi, hutoka chumbani, na wenziwe huamua. Kwa kawaida hapati mshahara. Na lililo gumu kupita yote: huwaambia watu anaokutana nao kila siku ngazini kwamba mchango hauna budi kuongezwa.

Jambo hili la mwisho lina historia ya kusikitisha. Katika mtaa ule ule wa Bronx, na katika miaka ile ile, wafanyakazi wengine walijenga ushirika wao wenye nyumba zaidi ya 700, pamoja na maktaba na madarasa. Walikuwa watu wa bidii na wa kuoneana huruma. Lakini dhiki ya miaka ya 1930 iliwaacha na deni zito. Mwaka 1943 walitakiwa kuongeza dola 1 kwa kila chumba ili kuyanusuru majengo. Walipiga kura, wakakataa. Mali ikatoka mikononi mwao, na wenye nyumba wakawa wapangaji. Ushirika wa washona nguo ulipita katika dhiki hiyo hiyo, nao umesimama hata leo.

Sisi wa Tanzania twajua uchungu wa kupoteza chama. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovifungulia mlango wa kurudi. Lakini tofauti ipo: sisi tulipoteza kwa amri ya serikali, wale wa Bronx walipoteza kwa kura zao wenyewe.

Naandika haya nikilikumbuka ghala letu. Misimu miwili tuliliona paa likiota kutu, na sisi viongozi tukanyamaza, kwa kuchelea kutaja nyongeza ya makato mbele ya mkutano mkuu. Msimu wa tatu magunia yalilowa, na hasara ikazidi sana gharama ya mabati. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiandika kumbukumbu za mikutano ile, nami sikusema neno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, katika uchaguzi ujao, tusimchague mtu kwa kuwa hatamuudhi yeyote. Tumchague atakayetuonyesha hesabu, hata kama hazitupendezi. Nasi wanachama, akituonyesha, tumsikilize hadi mwisho kabla ya kuinua mikono.

Ushirika wetu udumu.

Katibu